Miji ya juu ya vilima: safari ya miguu na ya baisikeli katika nchi ya Mtakatifu Fransisko

Wengi wetu tumelisikia jina la Assisi tangu siku za katekisimu. Twamjua Mtakatifu Fransisko, maskini wa Mungu, na Mtakatifu Klara aliyemfuata. Lakini nani kati yetu ajua vizuri nchi waliyoishi? Leo twataka kupanga pamoja safari ya siku saba katika nchi ya Umbria, katikati ya Italia, sehemu kwa miguu, sehemu kwa baisikeli, ile ambayo wengi wetu huiita kinga. Pengine mmoja wetu atajaliwa kwenda kweli. Wengine tutakwenda kwa mawazo tu, na safari hiyo haina nauli.

Mtu akipanga safari huuliza kwanza: nitalala wapi, nitakula nini, njia ni kilometa ngapi? Maswali hayo ni ya akili. Lakini katika nchi hii kuna swali linalotangulia: kwa nini watu walijenga miji yao juu ya vilima, na maji na mashamba mazuri yako chini? Asiyeuliza hilo ataona mawe tu, kisha atarudi kwao amechoka bure.

Kwa nini walipanda juu?

Tuitazame kwanza nchi yenyewe. Kuna bonde pana, jina lake Valle Umbra. Chini ni tambarare, iliyo meta 200 hivi juu ya bahari. Kando zake ni vilima, na juu ya vilima ni miji: Assisi, Spello, Trevi, Montefalco, Spoleto; na upande wa kaskazini-magharibi, juu ya kilima chake, Perugia. Mtu akisimama penye ukuta wa mji mmoja huona ukuta wa mji mwingine.

Sababu ya kwanza ni homa. Zamani tambarare ile ilikuwa na vinamasi vingi. Maji yalituama, mbu wakazaana, watu wakaugua malaria. Sisi watu wa Kongo hatuhitaji mwalimu wa kutueleza jambo hilo.

Sababu ya pili ni majeshi. Mwaka 220 kabla ya Kristu Warumi walianza kujenga barabara kubwa, Via Flaminia, iliyopita katika nchi hiyo. Wakati wa amani barabara ilileta wafanyabiashara. Wakati wa vita ilileta askari. Mwaka 217 kabla ya Kristu Hannibal, jemadari wa Karthago, aliwashinda Warumi karibu na ziwa Trasimeno, kisha akaja mbele ya kuta za Spoleto. Wenyeji wakamzuia, naye akageuka akaenda zake. Tangu hapo nani angewaambia watu wa Spoleto wakae bondeni?

Sababu ya tatu ni ya uchungu zaidi: ni jirani. Katika karne ya 12 na ya 13 kila mji ulijitawala wenyewe, ukawa na soko lake, askari wake na mipaka yake. Watu wa lugha moja na Misa moja walipigana kwa ajili ya shamba, daraja na ushuru. Kumbe, ukuta mrefu haukuwa kwa ajili ya mgeni wa mbali tu. Ulikuwa pia kwa ajili ya yule ambaye moshi wa jiko lake waonekana kila asubuhi.

Siku ya kwanza: Perugia mpaka Assisi

Kwa hiyo twaanza safari kwa miguu, kutoka Perugia hadi Assisi, kilometa 24 hivi. Tuondoke asubuhi mapema, tukishuka hadi mto Tiber. Hapo karibu ni Collestrada, kilima kidogo tu, na mpita njia asiyejua habari zake hatasimama. Mwaka 1202 majeshi ya Perugia na ya Assisi yalipigana mahali hapo. Assisi ilishindwa. Kati ya mateka alikuwamo kijana wa miaka ishirini hivi, mwana wa mfanyabiashara wa nguo: Fransisko. Alikaa kifungoni Perugia karibu mwaka mmoja, akaugua.

Na Klara? Alikuwa mtoto bado. Jamaa yake walikuwa wakubwa wa Assisi, waliokimbilia Perugia wakati raia walipowaasi wakubwa wao. Basi, watakatifu hawa wawili, ambao leo twawaweka pamoja katika sala zetu, walikuwa siku zile pande mbili za vita moja. Tusipite Collestrada bila kufikiri hilo.

Tena njia hii ina habari nyingine. Tarehe 24 Septemba 1961 Aldo Capitini, mwalimu wa filosofia mzaliwa wa Perugia, aliwaita watu watembee kutoka Perugia mpaka Assisi kuomba amani. Maelfu walikuja. Matembezi hayo yamerudiwa mara nyingi tangu hapo. Njia ya askari imegeuka kuwa njia ya watu wa amani, na mawe yake ni yale yale.

Siku ya pili: Assisi yenyewe

Siku ya pili hatutembei mbali. Miguu nayo ni viumbe vya Mungu. Tupande kwanza Rocca, ngome iliyo juu ya mji. Mwaka 1198 watu wa Assisi waliibomoa ngome ya zamani, kwani walichoka na watawala wa kigeni. Ile tunayoiona ilijengwa tena katika karne ya 14, kwa amri ya kardinali Albornoz. Katika uwanja wa mji kuna hekalu la Warumi, nguzo zake zasimama bado, na ndani yake ni kanisa la Bikira Maria.

Kisha twende kwenye basilika la Mtakatifu Fransisko. Lilianzwa mwaka 1228, miaka miwili tu baada ya kufa kwake, likawekwa wakfu mwaka 1253. Tarehe 26 Septemba 1997 tetemeko la nchi liliangusha sehemu ya dari, watu wanne wakafa ndani. Mafundi walikusanya vipande vya picha, maelfu kwa maelfu, na mwaka 1999 kanisa lilifunguliwa tena.

Jambo moja zaidi la mji huu. Mwaka 1226 Fransisko alikuwa mgonjwa karibu ya kufa, na macho yake yameharibika. Askofu wa Assisi na mkuu wa mji walikuwa wamegombana vibaya. Fransisko akaongeza maneno juu ya msamaha katika wimbo wake wa kuvisifu viumbe, akawatuma ndugu wakauimbe mbele ya wote wawili. Wakapatana. Mwaka huo huo, Oktoba, akafa chini bondeni, penye kikanisa cha Porsiunkula, nje ya kuta.

Siku ya tatu na ya nne: Spello na Foligno

Siku ya tatu twapita mlima Subasio kwa miguu. Kilele chake ni meta 1.290. Njiani, ndani ya msitu, ni Carceri, mahali pa mapango ambapo Fransisko na wenzake walikwenda kusali. Jioni twashuka Spello, wenye malango ya Warumi hata leo. Ndani ya kanisa la Bikira Maria tutaona picha za Pinturicchio za mwaka 1501. Anayeweza afike siku ya Ekaristi Takatifu, maana wenyeji hukesha usiku kucha wakitandika njia kwa maua, ili maandamano ya Sakramenti yapite juu yake.

Siku ya nne twashuka Foligno, mji wa tambarare. Karibu mwaka 1206 Fransisko alikuja hapa kwa farasi, akauza nguo za baba yake, akauza na farasi, akarudi Assisi kwa miguu akitaka kutengeneza kanisa bovu. Sisi twafanya kinyume chake: tuliokuja kwa miguu, hapa twachukua baisikeli.

Siku ya tano mpaka ya saba: kwa baisikeli

Tukague kwanza breki, kisha matairi. Kupanda kwachosha, lakini kushuka bila breki kwaua. Tuchukue pampu, viraka na maji. Mzigo uwe mwepesi. Majira mazuri ni Aprili na Mei, au Septemba na Oktoba. Agosti jua ni kali.

Siku ya tano twapita Bevagna, tukipanda Montefalco, meta 250 hivi juu ya tambarare. Katika kanisa la Mtakatifu Fransisko kuna picha alizochora Benozzo Gozzoli mwaka 1452. Hapo pia aliishi Mtakatifu Klara wa Msalaba, mtawa wa Mtakatifu Augustino, aliyekufa mwaka 1308. Siku ya sita twapita chini ya Trevi, kati ya mizeituni, tukifika Spoleto. Katika mji huo, karibu mwaka 1205, Fransisko akienda vitani tena alisikia sauti usiku, ikimwuliza kama yafaa kumtumikia Bwana au mtumishi. Kesho yake akageuza njia.

Siku ya saba twarudi Assisi kwa njia ya baisikeli ya bondeni, kilometa 50 hivi. Tukizungusha pedali tumkumbuke Gino Bartali, Mkatoliki imara, mshindi wa Tour de France mwaka 1938 na 1948. Wakati wa vita, mwaka 1943 na 1944, Assisi iliwaficha Wayahudi wapatao 300 katika nyumba za watawa, kwa uongozi wa askofu Nicolini. Yasimuliwa kwamba Bartali alileta picha na hati zao kutoka Firenze, zikiwa ndani ya bomba za baisikeli yake, akijifanya anafanya mazoezi. Mwaka 2013 Yad Vashem ya Yerusalemu ikamhesabu kati ya Wenye Haki wa Mataifa.

Tunarudi na nini?

Basi, ndugu zetu, safari yetu imekwisha. Kuta tulizoziona zilijengwa na watu wenye hofu, na hofu yao ilikuwa na sababu, tusiwacheke. Lakini watu tunaowakumbuka siku hizi ni wale waliofungua lango wakashuka: Klara usiku wa Jumapili ya Matawi, Fransisko bila farasi, Bartali juu ya baisikeli.

Sisi nasi tuna vilima vyetu, na wazee wetu wajua kwa nini kijiji fulani kilihama bondeni kikapanda juu. Tuwaulize wangali hai. Kisha, siku ya mapumziko, tuchukue kinga, tushuke, tupande kwa jirani, tumsalimu. Huenda Perugia yetu haiko mbali kilometa 24.