Zahanati za visiwani: rangi mpya haitoshi

Sisi wa pwani tukisikia kisiwa huwaza Pate au Kiwayu. Lakini ndani ya Ziwa Victoria, kaunti ya Homa Bay ina Mfangano, Remba na Ringiti, na Migori ina Migingo, mwamba usiofika hata eka moja. Huko nako mgonjwa wa usiku hungoja mashua.

Tangu 2013, zahanati na vituo vya afya viko mikononi mwa kaunti. Ukarabati ukitangazwa, tunaonyeshwa mabati na rangi. Mimi niliyekulia kisiwani hutazama mambo manne:

Umeme: chanjo nyingi huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8, kwa hivyo jokofu la sola ni bora kuliko vigae.

Maji: ya ziwani hayanyweki bila kutibiwa, kipindupindu hakiko mbali.

Nyumba ya muuguzi: asipolala kisiwani, mlango hufungwa jioni.

Boti ya dharura, yenye mafuta na nahodha: zahanati haifanyi upasuaji, na mzazi aliyekwama hasubiri kuche.

Basi ukionyeshwa ukuta mpya, uwe Mfangano au Kiwayu, uliza: usiku, boti iko wapi?