Kutoka Viunzi hadi Mizigo

Mashindano ya mbwa ya kuruka viunzi yalianza London mwaka 1978, katika maonyesho ya mbwa ya Crufts, yakiwa kiburudisho tu cha kujaza muda. John Varley, akisaidiwa na mkufunzi Peter Meanwell, aliyabuni kwa kuiga michezo ya farasi wa kuruka vizuizi. Mwaka 1980 Kennel Club ikautambua rasmi mchezo huo.

Mafunzo yake huenda polepole: kiunzi hulazwa karibu na ardhi, kisha huinuliwa kidogo kidogo, na kila hatua mbwa hutuzwa. Fimbo haifai kitu hapa. Mbwa mwoga haruki.

Lilongwe, mji mkuu wa Malawi, iliupokea ufundi huo wa kufundisha mbwa kwa tuzo kwa sababu nyingine, yaani kupambana na ujangili. Polisi wa nchi hiyo, kwa msaada wa Lilongwe Wildlife Trust, waliunda kikosi cha mbwa wa kunusa nyara kama pembe za ndovu. Katika kazi ya namna hiyo mbwa hupanda juu ya masanduku ya mizigo bila kutishwa na kelele, na akigundua harufu hukaa kimya akisubiri tuzo yake, mara nyingi mpira.