Betri Iliyozikwa Ndani ya Chipu

Wasee, leo tuongee kuhusu kaburi dogo la plastiki.

IBM ilipotoa PC yake ya kwanza 1981, mashine hiyo haikuwa na saa ya kudumu. Ukiizima, inasahau leo ni lini. Ukiiwasha, unaandika tarehe mwenyewe. Mwaka 1984 ikaja PC/AT ikiwa na chipu ya Motorola, MC146818, na betri pembeni. Sasa stima ikipotea, saa inaendelea, na mashine inakumbuka ina diski ya aina gani. Betri ikiisha, unatoa, unaweka ingine. Kazi imeisha.

Halafu Dallas Semiconductor ya Texas ikaleta DS1287. Saa, kristali na betri ya lithiamu, vyote vikafungiwa ndani ya kipande kimoja cha plastiki ngumu. Kwa kiwanda hiyo ilikuwa raha: kipande kimoja tu cha kufunga. Tena betri zingine za enzi hizo zilikuwa zinavuja na kula bodi. Betri hii ilipangwa kudumu miaka 10 hivi. Nani angekaa na kompyuta moja miaka yote hiyo?

Watu walikaa nazo. Betri zikafa, mashine zikasahau diski zao. Kompyuta za Sun, zilizotumia chipu za aina hiyo, zilisahau hata anwani zao za mtandao. Mashine ni nzima kabisa, lakini haijijui.

Wapenzi wa hizi mashine wakakataa kuzitupa. Wanakwangua plastiki polepole hadi wafike mguu wa 16 na wa 20, wanakata njia ya betri iliyokufa, halafu wanalehemu kishikio cha CR2032, ile betri ya mviringo ya volti 3. Fundi yeyote wa Luthuli angeelewa hiyo kazi bila kuelezewa.

Sasa angalia simu yako. Betri imegundishwa ndani, hesabu ni ile ile ya Dallas. Ulaya imepitisha sheria kwamba kuanzia Februari 2027, betri za vifaa vingi vidogo lazima mwenye kifaa aweze kuzitoa mwenyewe. Na sisi je? Huku vitu vingi hutufikia vikiwa vimeshatumika kwingine. Ile miaka 10 ya kiwanda, sisi tunaanza kuhesabu ikiwa imebaki mitatu.

Kwa hivyo ukienda kununua kitu, usiulize kamera pekee. Uliza: betri ikikufa, hii kitu inafunguliwa aje?