Nani Aifungue Gesi: Mkono wa Mtu au Mtambo?

Ukitoka Ngamiani, ukavuka reli na kushuka hadi bandari ya Tanga, utazikuta gatini meli ambazo zamani mji ulizitazama kwa mbali. Kwa miaka mingi meli kubwa zilitia nanga nje na shehena ikaletwa kwa matishari, mpaka gati lilipochimbwa kutoka kina cha mita 3 hadi 13. Ndani ya nyingi ya meli hizo kuna chumba chenye mitungi ya hewa ukaa, na mabomba yanayokwenda hadi kwenye injini. Moto ukiwashinda mabaharia, gesi hufunguliwa ijaze chumba kizima cha injini, nao moto hukosa pumzi. Nani aifungue, na aifungue lini? Swali hilo lina umri wa karibu karne moja, na limegharimu maisha ya watu wengi.

Mwaka 1924, huko Marekani, kampuni ya Walter Kidde ilitengeneza kizima moto cha hewa ukaa kwa ombi la kampuni ya simu ya Bell. Maji yangeharibu mitambo ya simu sawa na moto wenyewe, lakini gesi hii haipitishi umeme wala haiachi uchafu. Baadaye gesi hiyo ikafungwa katika mifumo ya kudumu, melini na kwenye vituo vya umeme. Hatari yake imo katika hesabu. Ili izime moto kwa kujaza chumba, hewa ukaa hutakiwa ifike angalau asilimia 34. Binadamu huzimia na kufa kwa muda wa dakika moja ikizidi asilimia 17. Afrika iliuona ukali wake Agosti 1986, ziwa Nyos la Kamerun lilipotoa wingu la gesi hiyo usiku na kuua watu wapatao 1,700.

Watu wa bahari walichagua mapema. Kanuni za kimataifa za usalama wa meli haziruhusu kwa kawaida gesi ijifungue yenyewe. Zinadai vidhibiti viwili tofauti: kimoja hufungua njia ya bomba, kingine huitoa gesi mitungini, na king'ora hulia kwanza. Kabla ya hapo mabaharia wote huhesabiwa, feni huzimwa na milango hufungwa. Ndipo amri hutolewa.

Nchi kavu mambo yalikwenda tofauti. Vyumba vya kompyuta vilivyoenea tangu miaka ya 1960 hukaa bila mtu usiku, na kumsubiri mlinzi ni kuuachia moto ukue. Gesi ya haloni 1301 ilionekana kuwa jibu: kiasi cha asilimia 5 hivi kilizima moto, na aliyekuwa ndani aliweza kutoka salama. Mtambo ukaachiwa ujiamulie. Lakini haloni hutoboa tabaka la ozoni, na Mkataba wa Montreal wa 1987 ukaanza kuifungia njia.

Marekani ilihofu kwamba wengi wangerudi kwenye hewa ukaa, hivyo shirika lake la mazingira likakusanya kumbukumbu za ajali tangu 1975. Ripoti yake ya mwaka 2000 ilitaja matukio 51, vifo 72 na majeruhi 145. Tukio moja lilitokea tarehe 28 Julai 1998, katika maabara ya nyuklia ya Idaho. Wafanyakazi 13 walikuwa wakizima umeme wa jengo ili mafundi waukarabati. Mfumo wa gesi ulikuwa umezuiwa kwa njia ya elektroniki tu. Gesi ikafyatuka ghafla, bila moto na bila king'ora, ndani ya jengo lililokwisha kukatiwa umeme. Mmoja alikufa na wengine waliumia vibaya.

Hata hivyo, mkono wa mtu peke yake si kinga. Tarehe 8 Novemba 2008, gesi ya kuzimia moto ilifunguka ndani ya nyambizi ya Urusi Nerpa bila moto wowote, watu 20 wakafa. Baharia mmoja alishtakiwa kwa kuiwasha bila ruhusa.

Leo zipo gesi ambazo mtu huweza kuzihimili kwa muda mfupi, kama mchanganyiko wa naitrojeni na agoni. Nyingine, za jamii ya HFC, zimeanza kupunguzwa kwa makubaliano yaliyofikiwa Kigali mwaka 2016. Kwa gesi hizo mtambo unaweza kuamua wenyewe, mradi king'ora kilie na watu wapate sekunde za kutoka.

Kwa hewa ukaa, historia imekwisha kuhukumu: mtu akiwa ndani, mtambo usiachiwe ujiamulie. Tanga inapanuka, kuanzia bandarini hadi Chongoleani, linakofikia bomba la mafuta kutoka Uganda, na vyumba vya mitambo vitaongezeka. Wenye vyumba hivyo nawasihi: fundi asiingie kabla vali ya gesi haijafungwa kwa kufuli, na ufunguo awe nao yeye mwenyewe mpaka atoke.