Uboreshaji wa baiskeli za milimani za zamani

Uboreshaji wa baiskeli za milimani za zamani ni kazi ya kubadilisha au kurekebisha vipuri vya baiskeli iliyobuniwa kwa ajili ya njia mbovu, hasa ile ya miaka ya 1990 na 2000, ili iendelee kutumika kwa usalama. Baiskeli nyingi za aina hiyo zina shokapu fupi, yaani shokapu zinazoweza kubonyea takriban milimita 50 hadi 100 tu. Urefu huo wa kubonyea huitwa mwendo wa shokapu.

Katika vitongoji vya nje vya Dar es Salaam nchini Tanzania, baiskeli hizo huuzwa zaidi zikiwa mitumba kutoka nje ya nchi. Hutumika kwenda kazini na shuleni, kubeba mizigo midogo, na pia kwa mazoezi. Kwa kuwa fremu ndiyo inayoamua kipuri gani kinaweza kufungwa, uboreshaji unaofaa huanza na kupima fremu na kutengeneza breki, si kununua shokapu ndefu zaidi.

Historia

Baiskeli ya milimani ilianzia katika wilaya ya Marin, jimbo la California nchini Marekani, wakati wa miaka ya 1970. Vijana wa huko walichukua baiskeli nzito za zamani zenye matairi mapana, wakazifungia breki na gia bora, kisha wakashindana kuteremka milima. Mashindano yao maarufu, yaliyoitwa Repack, yalianza mwaka 1976. Hivyo aina hii ya baiskeli yenyewe ilizaliwa kutokana na kurekebisha baiskeli kuukuu. Mwaka 1977 Joe Breeze alitengeneza fremu iliyobuniwa mahususi kwa kazi hiyo, na mwaka 1981 kampuni ya Specialized ilianza kuuza Stumpjumper, mojawapo ya baiskeli za kwanza za milimani kutengenezwa kwa wingi kiwandani.

Baiskeli za mwanzo hazikuwa na shokapu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Paul Turner alianzisha kampuni ya RockShox, na shokapu yake ya kwanza, RS-1, ilikuwa na mwendo wa karibu milimita 50. Mbio za baiskeli za milimani ziliingizwa katika michezo ya Olimpiki huko Atlanta mwaka 1996. Wakati huo mwendo wa milimita 60 hadi 80 ulikuwa wa kawaida. Siku hizi baiskeli za mbio za nyikani huwa na milimita 100 hadi 120, na zile za kuteremka milima mikali hufikia karibu milimita 200.

Magurudumu nayo yalibadilika. Yale ya inchi 26 yalitawala hadi karibu mwaka 2010, kisha yakaachia nafasi yale ya inchi 27.5 na 29. Kwa sababu hiyo vipuri vingi vinavyotengenezwa leo haviingii katika fremu za zamani, hata vinapoonekana kufanana navyo.

Mazingira ya Dar es Salaam

Kinondoni na Temeke ni kati ya wilaya za Mkoa wa Dar es Salaam. Mwaka 2016 Ubungo ilitengwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni kutoka Temeke. Barabara kuu za maeneo hayo zina lami, lakini njia nyingi za mitaani huko Mbagala, Chamazi, Bunju au Kigamboni ni za udongo na mchanga. Sehemu za Goba, Madale na Kimara zina miinuko. Milima mirefu iko mbali: ile ya karibu ni Uluguru, mkoani Morogoro.

Mambo matatu ya mazingira haya huathiri baiskeli. Kwanza, hewa ya pwani yenye unyevu na chumvi huleta kutu upesi kwenye cheni, spoki na waya za breki. Pili, mchanga hukwangua rimu, raba za breki na gololi. Tatu, wakati wa mvua za masika (Machi hadi Mei) na za vuli (Oktoba hadi Desemba) maji ya madimbwi huingia ndani ya habu na kuondoa grisi. Mwendesha baiskeli wa mjini hukutana na mashimo na matuta ya barabarani kuliko miamba, na huchangia barabara na daladala, bodaboda na malori. Kwa hiyo breki nzuri humfaa zaidi kuliko shokapu ndefu.

Vipimo vya kuchunguza

Kabla ya kununua kipuri chochote, fundi hupima sehemu zifuatazo:

* Bomba la uma, yaani bomba linalopita ndani ya sehemu ya mbele ya fremu hadi kwenye usukani. Katika fremu za miaka ya 1990 na 2000 kipenyo chake mara nyingi ni inchi 1⅛ (milimita 28.6), nyingine za zamani zaidi zina inchi 1. Uma nyingi za kisasa zina bomba linalopanuka kuelekea chini hadi inchi 1½, na bomba hilo halipiti katika fremu hizo.
* Nafasi ya habu ya nyuma. Upana wa kawaida ni milimita 135. Baadhi ya fremu za miaka ya 1980 zina milimita 130 au pungufu.
* Ekseli ya krenki. Upana wa sehemu ya fremu inayoipokea kwa kawaida ni milimita 68 au 73.
* Bomba la kiti. Vipenyo hutofautiana kidogo sana, kwa mfano milimita 26.8, 27.0 na 27.2. Bomba jembamba kuliko linalotakiwa hulegea na linaweza kupasua fremu.
* Nafasi ya tairi. Pande zote mbili zinapaswa kubaki na angalau milimita 5, ili tope na rimu iliyopinda kidogo visiguse fremu.

Fremu yenyewe huchunguzwa ikiwa safi. Ufa huanza zaidi kwenye maungio ya sehemu ya mbele, karibu na ekseli ya krenki na chini ya kiti. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba au kuvimba ni dalili ya hatari. Fremu ya alumini yenye ufa haifai kutumika tena.

Shokapu na uma wa mbele

Shokapu nyingi za miaka ya 1990 hazikutumia springi za chuma peke yake wala hewa, bali vipande vya mpira mgumu ndani ya miguu ya uma. Kadiri miaka inavyopita, vipande hivyo hukakamaa au kumomonyoka. Shokapu hiyo haibonyei tena, au hubonyea na kubaki chini. Iwapo miguu haina mikwaruzo na haichezi, kusafisha, kutia grisi na kubadilisha vipande hivyo kunatosha.

Kosa la kawaida ni kufunga shokapu yenye mwendo mrefu kuliko ile iliyokusudiwa. Kila milimita 10 zinazoongezeka katika urefu wa uma hulaza pembe ya usukani kwa takriban nusu digrii na kuinua sehemu ya mbele ya baiskeli. Fremu iliyobuniwa kwa milimita 60 ikifungwa shokapu ya milimita 120 hulala karibu digrii 3: usukani huwa mzito kwenye mwendo mdogo, gurudumu la mbele huelea wakati wa kupanda, na maungio ya mbele hubeba nguvu ambayo hayakutengenezwa kuibeba. Ongezeko la milimita 20 kwa kawaida ndilo huchukuliwa kuwa kikomo.

Njia nyingine ni kufunga uma usio na shokapu. Uma wa namna hiyo ni mwepesi, hauna cha kuharibika ndani, na hufaa kwa anayebeba mzigo. Urefu wake, kuanzia ekseli hadi chini ya fremu, unapaswa kukaribia urefu wa shokapu ya awali ikiwa imebonyezwa na uzito wa mwendeshaji. Ukiwa mfupi mno, usukani huwa mwepesi kupita kiasi na pedali hukaribia ardhi.

Breki

Breki za zamani ni za aina mbili kuu: zile zinazovutwa na waya wa katikati, na breki za V ambazo kampuni ya Shimano ilizileta sokoni mwaka 1996. Aina zote mbili hufungwa kwenye vishikio vilevile vya fremu, hivyo kuhamia breki za V ni rahisi. Hata hivyo mikono ya breki lazima ibadilishwe pia, kwa kuwa breki za V huhitaji waya uvutwe kwa urefu zaidi. Breki za V zikifungwa kwa mikono ya zamani, mkono hufika kwenye usukani kabla baiskeli haijasimama.

Raba za breki, waya na mifuniko yake ndivyo vipuri vya bei nafuu vinavyoleta mabadiliko makubwa zaidi. Rimu nayo hukaguliwa: uso wake ukiwa umelika na kuingia ndani kama kijiko, inaweza kupasuka kwa ghafla kutokana na upepo wa tairi.

Breki za diski hazifai kwa kila fremu. Zinahitaji vishikio maalumu kwenye fremu na uma, pamoja na habu zenye nafasi ya diski. Kuchomelea vishikio hivyo kwenye fremu ya alumini hudhoofisha alumini iliyo karibu na sehemu iliyopata moto. Uma usiobuniwa kwa diski unaweza kupinda, kwa kuwa breki hiyo huvuta mguu mmoja tu.

Magurudumu na matairi

Tairi la inchi 26 la baiskeli ya milimani lina kipenyo cha ndani cha milimita 559. Upana wake huandikwa kwa desimali, mfano 26 × 1.95. Tairi lililoandikwa 26 × 1⅜ lina kipenyo cha milimita 590, na lile la 28 × 1½ la baiskeli kubwa za mizigo lina milimita 635; hayaingii kwenye rimu ya baiskeli ya milimani. Namba hiyo ya milimita iliyo ubavuni mwa tairi ndiyo ya kuaminika zaidi.

Kwenye mchanga, tairi pana la inchi 2.1 hivi lenye upepo uliopunguzwa kidogo huzama kidogo kuliko tairi jembamba, nalo hupunguza mitikisiko bila gharama ya shokapu mpya. Kwa anayetumia lami zaidi, tairi laini lisilo na meno makubwa huokoa nguvu.

Gia na cheni

Baiskeli za zamani huwa na sproketi tatu mbele na saba au nane nyuma. Katika maeneo tambarare, wengi hubakiza sproketi moja ya mbele na kuondoa kifaa cha kuhamisha cheni cha mbele. Vipuri vya kuharibika hupungua, lakini anayepanda miinuko akiwa na mzigo hukosa gia nyepesi.

Cheni hupimwa kwa rula. Katika cheni mpya, kila pini ya pili huangukia kwenye inchi kamili, hivyo inchi 12 ni milimita 304.8. Urefu huo ukifika karibu milimita 307, cheni imelika na itaharibu sproketi. Cheni mpya kwenye sproketi zilizolika huruka, hivyo mara nyingi hubadilishwa pamoja.

Utaratibu wa kazi

Kwa mwenye fedha kidogo, kazi hufuata mpangilio huu:

* Kukagua fremu, uma na rimu, na kuacha baiskeli yenye ufa.
* Breki: raba, waya na mikono.
* Matairi na tyubu.
* Gololi na grisi mpya katika habu, krenki na usukani.
* Cheni na sproketi.
* Bomba la kiti na usukani wa kimo kinachomfaa mwendeshaji.
* Mwisho kabisa, shokapu.

Bomba la kiti la alumini hupakwa grisi kabla ya kuingizwa katika fremu ya chuma, kwa kuwa hewa ya chumvi huyaganisha mawili hayo yasitengane tena. Alama ya kikomo iliyochorwa kwenye bomba haipaswi kuonekana nje ya fremu. Gharama ya vipuri ikizidi bei ya baiskeli nyingine iliyo nzima, ni afadhali baiskeli ya zamani itunzwe kama chanzo cha vipuri.

Tazama pia

* Baiskeli
* Bodaboda
* Dar es Salaam
* Michezo ya Olimpiki