"Will" ni Kutaka, "Shall" ni Deni

Mwaka 1586, mjini London, mkimbizi mmoja alitoa kitabu kidogo cha kuwafundisha wakimbizi wenzake Kiingereza. Jina lake Jacques Bellot, mtu wa Caen, kaskazini mwa Ufaransa. Alikuwa Mprotestanti, na wasomaji wetu waliosoma historia shuleni wanakumbuka yaliyowapata Waprotestanti wa Ufaransa mwaka 1572: mauaji yalianza Paris usiku wa kuamkia sikukuu ya Mtakatifu Bartholomayo, yakaenea katika miji mingine, watu wakafa kwa maelfu. Wengi walivuka bahari wakaingia Uingereza bila kujua hata kusalimia. Aliyekichapa kitabu cha Bellot, Thomas Vautrollier, naye alikuwa Mfaransa Mprotestanti aliyehamia London. Kwa hiyo mwandishi mkimbizi, mpiga chapa mkimbizi, wasomaji wakimbizi. Sisi wa kijarida hiki si wa kwanza, ndugu zangu.

Kitabu kiliitwa "Familiar Dialogues", na kila ukurasa ulikuwa na safu tatu. Safu moja ya Kiingereza, moja ya Kifaransa, na ya tatu Kiingereza kilekile kimeandikwa kwa tahajia ya Kifaransa ili Mfaransa akisome jinsi kinavyotamkwa. Nilipojua jambo hili nilicheka peke yangu. Ukija darasani kwetu jioni, hapa Nakivale, ufungue daftari lolote, utakuta safu ya tatu ya Bellot: "hau machi", "ayi wili go", "plizi welkamu". Hakuna aliyewafundisha. Mtu aliyetoka Uvira au Bunia na Kifaransa chake kichwani anafanya alichofanya Mfaransa miaka zaidi ya 400 iliyopita.

Na ndani ya kitabu mna nini? Watu wanaamka asubuhi, watoto wanaenda shule, mtu yuko sokoni anapatana bei ya kuku, ya samaki, ya kitambaa, halafu wanakaa mezani kula. Basi. Bellot alijua mkimbizi anaanzia sokoni, kwani ukishindwa kuuliza bei utalala njaa.

Kitabu tunachotumia sisi ni cha namna nyingine. Kina sura nzima ya teknolojia na wakati ujao, yenye mazoezi ya kujaza nafasi: mwaka 2050 magari nukta nukta angani, maroboti nukta nukta kazi zote za nyumbani, watu nukta nukta kwenye sayari ya Mars. Unajaza "will fly", "will do", "will live". Wazee wanaguna. Mzee mmoja aliniambia, "Mwalimu, mimi hata card ya chakula ya mwezi ujao sijui, hawa wananiuliza 2050!" Vijana wanaipenda sura hiyo. Mimi niko katikati, na naandika haya kueleza kwa nini.

Kwanza maneno ya teknolojia. Mnadhani ndiyo magumu, kumbe ndiyo rahisi. Vijana wanaotengeneza simu pale senta wanayo tayari: chaji, betri, skrini, laini, bando. Na mengi katika maneno hayo ni ya kale, yamevaa nguo mpya tu. "Computer" katika karne ya 17 lilikuwa jina la mtu, yaani mtu anayefanya hesabu. Mashine iliporithi kazi ilirithi na jina. "Broadcast", neno la redio, kwanza lilikuwa la shamba: kurusha mbegu kwa mkono zisambae huku na huku, kama tunavyomwaga mtama. "Web" ni utando wa buibui, na Kiswahili kiliposema mtandao kilishika mzizi uleule wa kutanda. "Simu" yetu ilitoka kwa Waajemi, kwao ni waya. Leo simu haina waya lakini jina limegoma kutoka.

Nililotaka kulikalia zaidi ni "robot". Mwaka 1920 mwandishi wa Kicheki, Karel Čapek, aliandika tamthilia inayoitwa "R.U.R." kuhusu kiwanda kinachotengeneza watu wa kazi. Alihitaji jina la viumbe hao, na ndugu yake Josef akampa: roboti, kutokana na neno robota. Kwa Kicheki robota ni kazi ya lazima, ile ambayo mkulima maskini alimfanyia bwana mwenye ardhi bila malipo. Nilipoeleza hivyo darasani, papa mmoja wa umri wa Mobutu akapiga meza. "Aah, njo salongo!" Ndiyo, papa, ni salongo. Ukisikia eti roboti ni jambo la kesho, jua jina lake ni la jana, na ni la watu waliotumikishwa.

Maneno ya vyombo yanakuja na kupita. Mwaka 1953 mwalimu Mwingereza Michael West, aliyewahi kufundisha Bengal, alitoa orodha ya maneno kama 2,000 ambayo mwanafunzi wa Kiingereza anapaswa kuanza nayo. Vitabu vingi vya shule vilijengwa juu yake. Ndani yake hukuti "computer" wala "television". Siyo kosa la West, orodha ilianza kuandaliwa kabla ya vita vya pili. Lakini "will" imo. Neno hilo dogo limekuwamo katika Kiingereza zaidi ya miaka 1,000, na ndilo linalowasumbua wanafunzi wangu kuliko roboti.

Mama mmoja anayeuza ndagala aliuliza vizuri: "Mwalimu, iyi 'will' njo nini? Ni 'ta' ya kwetu?" Jibu fupi ni ndiyo. Jibu refu lafaa kuandikwa.

Kiingereza cha kale hakikuwa na wakati ujao wake. Waingereza wa kale walisema kama sisi tunavyosema tukiwa na haraka: kesho naenda Mbarara. Ni kitenzi cha sasa, na "kesho" inatosha. Baadaye, walipotaka kuwa wazi, waliazima vitenzi viwili vya kawaida. Kimoja ni "will", ambacho maana yake ilikuwa kutaka. Mpaka leo "will" kama jina ni nia, na pia ni wasia, yaani yale marehemu aliyotaka yafanyike. Cha pili ni "shall". Hicho maana yake ya zamani ni kuwiwa, kuwa na deni. Wajerumani wana ndugu yake, "Schuld", ambalo kwao ni deni na ni hatia kwa pamoja. Kwa hiyo Mwingereza wa zamani akitaja kesho alikuwa na njia mbili: nataka kwenda, au nadaiwa kwenda.

Aliyeweka kanuni ni John Wallis, profesa wa hesabu wa Oxford, huyohuyo aliyetupa ile alama ya namba isiyo na mwisho inayofanana na nane iliyolala. Mwaka 1653 alichapisha sarufi ya Kiingereza kwa Kilatini, akiwafikiria wageni. Akasema: "I shall" ni kutabiri tu, "I will" ni kuahidi au kutisha. Ukifika kwa wewe na yeye mambo yanageuka: "he will" ni kutabiri, "he shall" ni ahadi au kitisho. Umeelewa? Hata mimi niliisoma mara tatu. Kuna kichekesho cha zamani walichotungiwa wageni kwa ajili ya kanuni hiyo. Mgeni ametumbukia mtoni anapiga kelele, "I will drown, nobody shall save me!" Alitaka kusema anazama na hakuna wa kumwokoa. Waingereza ukingoni wakasikia: nimeamua kuzama, na ole wake atakayeniokoa. Wakamwacha. Darasani kwetu kuna watu waliovuka Ziwa Tanganyika usiku mwaka 1996, kwa mitumbwi. Hawakucheka sana.

Lugha zingine nazo zilifanya vivyo hivyo. Tuliosoma Kifaransa tulikaririshwa "je chanterai, tu chanteras, il chantera" bila kuambiwa kwamba mwisho wake ni "ai, as, a" za kitenzi "avoir". Katika Kilatini cha mwisho watu walisema kitu kama "nina kuimba", yaani nina wajibu wa kuimba, na maneno mawili yakagandana kuwa moja.

Na Kiswahili? Mama wa ndagala alikuwa karibu sana na ukweli. "-ta-" yetu ni "taka" iliyochakaa. Huhitaji profesa kuthibitisha, sema tu: mtu atakayekuja, nitakapofika, siku watakayorudi. Hiyo "taka" imejitokeza nzima. Katika "nitafika" imefupishwa kwa matumizi, katika "nitakapofika" imebaki kama ilivyozaliwa. Kwa hiyo "ta" na "will" ni mtu na ndugu yake, zote mbili ni kutaka. Nilipoandika hayo ubaoni darasa lilinyamaza kidogo, halafu kila mtu akaanza kutunga sentensi zenye "takapo", wengine zinahusu nyumba walizoziacha.

Sasa nije kwenye lalamiko langu juu ya kitabu. Kinafundisha "will" kurasa nne, "going to" kurasa mbili, na "shall" mistari miwili, kikisema ni ya zamani, inatumika kidogo, usijali. Kwa mtu anayeagiza kahawa London ni sawa. Kwa mkimbizi si sawa hata kidogo, sababu "shall" haijafa, imehama tu. Inaishi kwenye karatasi. Fungua mkataba wa nyumba, sheria yoyote, kanuni za chama cha akiba: mpangaji "shall pay", mwenyekiti "shall call" mkutano. Pale deni la zamani bado linapumua. "Will" inasema jambo litatokea, au mtu analitaka. "Shall" ya sheria inasema mtu anadaiwa.

Na karatasi moja inatuhusu kuliko zote. Mkataba wa mwaka 1951 kuhusu wakimbizi, Kifungu cha 33, unakataza nchi yoyote iliyousaini kumfukuza au kumrudisha mkimbizi mahali ambapo maisha au uhuru wake utakuwa hatarini kwa sababu ya rangi, dini, uraia, kundi lake au mawazo yake ya kisiasa. Kitenzi cha Kiingereza pale ni "shall expel". Hawakuandika "will". Wangeandika "will" ingesomeka kama utabiri wa hali ya hewa: tunadhani nchi hazitafukuza. Walichoandika ni deni. Nenda kwenye maandishi ya Kifaransa ya kifungu hichohicho, ambayo yana nguvu sawa, utakuta "n'expulsera", na ile "a" ya mwisho ni "a" ya "avoir" niliyoitaja, ya kuwa na wajibu. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliosainiwa Addis Ababa mwaka 1969, ulikwenda mbali zaidi ukataja hata kuzuiwa mpakani, nao kwa Kiingereza unasema "shall".

Kiswahili hapo kinatuponza kidogo. Ukitafsiri "shall not expel" kwa "haitamfukuza", mwenye kusoma anasikia ahadi laini, maana "ta" yetu inabeba utabiri, ahadi, na matumaini katika mfuko mmoja. Lazima useme "haina ruhusa kumfukuza", au "ni marufuku". Nimeona tangazo lililotafsiriwa kwa "ta" na watu wakabishana nje ya ofisi, mmoja anasema "wametuahidi", mwingine anasema "wanatubembeleza tu". Ugomvi wao wote ulikuwa juu ya silabi moja.

Vijana walinibishia kwamba nawaharibia sura yao ya magari yanayoruka. Sijaiharibu, wanangu. Atakaye kufungua karakana ya simu anahitaji "will", tena aseme kwa sauti, maana biashara haianzi bila kutaka. Ila asije mezani kwa mtu mwenye muhuri akiwa na kutaka peke yake, hajui upande wa pili unadaiwa nini.

Darasani tumekubaliana hivi. Sura ya teknolojia inabaki, maneno kumi na tano kwa wiki. "Shall" tumeiongezea jioni mbili: ya kwanza tunasoma mkataba wa kukodi kibanda, ya pili tunasoma Kifungu cha 33 kwa safu tatu kama za Bellot, Kiingereza, Kifaransa, na matamshi, na wenyewe tumeongeza ya nne ya Kiswahili. Ni Jumanne na Alhamisi baada ya saa kumi na mbili. Atakayekuja aje na daftari na kalamu, taa ya sola ipo.