Clement Attlee: Mtumishi wa Makabwela Aliyekuwa Waziri Mkuu



Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, kurasa nyingine zaeleza habari za maghala, mizani na mazao. Sisi wa ofisi ya ukatibu tumeona yafaa kuongeza habari za mtu mmoja wa nchi ya mbali, aliyeanza kwa kuwatumikia makabwela akaishia kushika uongozi wa nchi nzima. Mtu huyo ni Clement Attlee, Waziri Mkuu wa Uingereza tangu 1945 hadi 1951. Twamtaja kwa kuwa maisha yake yaonyesha jinsi kiongozi anavyofundwa na watu anaowatumikia. Na kwa kuwa serikali yake iliigusa ardhi ya Tanganyika, kwa namna ambayo mkulima hana budi kuikumbuka.

Attlee alizaliwa tarehe 3 Januari 1883 huko Putney, London. Baba yake alikuwa mwanasheria mwenye uwezo, naye kijana alisomeshwa katika shule ya Haileybury, kisha Oxford, na mwaka 1906 akaruhusiwa kufanya kazi ya uwakili. Njia ya maisha ya raha ilikuwa wazi mbele yake. Lakini mwaka 1905 alikwenda Stepney, mashariki ya mji wa London, kutazama klabu ya vijana maskini iliyosaidiwa na shule yake ya zamani. Alikwenda kama mgeni, akarudi tena na tena; na mwaka 1907 akawa msimamizi wa klabu hiyo, akahamia huko kwa ujira wa pauni 50 kwa mwaka.

Stepney ilikuwa karibu na bandari. Makuli wengi hawakuwa na kazi ya kudumu. Asubuhi walikusanyika langoni, msimamizi akawachagua aliowataka kwa kazi ya siku moja, au hata ya nusu siku, na waliosalia wakarudi nyumbani mikono mitupu. Wanawake walishona nguo majumbani kwa malipo madogo mno. Attlee alikuwa amefika na fikira za watu wa tabaka lake, waliodhani kwamba umaskini ni matunda ya uvivu. Kwa kukaa na watu wale aliona mambo kinyume: watu wenye bidii, wenye kusaidiana, na bado wenye njaa. Akatambua kwamba sadaka ya tajiri haiwezi kumponya mtu ambaye chakula cha watoto wake chategemea kidole cha msimamizi langoni. Mwaka 1908 akajiunga na chama cha wafanyakazi wenye siasa ya ujamaa.

Baada ya hapo alikuwa katibu wa Toynbee Hall, nyumba mashuhuri ya huduma za jamii katika sehemu hizo hizo. Mwaka 1911 aliajiriwa na serikali kuzunguka nchini akiwaeleza watu sheria mpya ya bima. Hiyo ni kazi ambayo makatibu wa vyama vya msingi waijua: kusoma maneno mazito ya sheria, kisha kuyasema mbele ya watu hata kila mmoja aelewe haki yake. Toka 1912 alifundisha mambo ya ustawi wa jamii katika Chuo cha Uchumi cha London. Vita vya 1914 vilipozuka alikwenda jeshini, akajeruhiwa, akarudi na cheo cha meja.

Mwaka 1919 akawa Meya wa Stepney. Baraza lake liliwalazimisha wenye nyumba, waliopokea kodi kubwa bila kuzitengeneza nyumba zao, wazirekebishe. Likaajiri wakaguzi wa afya na watu wa kuwatembelea akina mama wenye watoto wachanga, na vifo vya watoto vikapungua. Mwaka 1922 watu wa Limehouse wakampeleka Bungeni. Mwaka 1935 akawa kiongozi wa chama cha Labour. Na tangu 1942 alikuwa Naibu wa Waziri Mkuu Churchill. Katika uchaguzi wa 1945 chama chake kilipata viti 393 kati ya 640.

Hapo ndipo mafunzo ya Stepney yalipozaa matunda. Mwaka 1946 ilipitishwa Sheria ya Bima ya Taifa. Tarehe 5 Julai 1948 ulianza mpango wa matibabu kwa wananchi wote bila malipo hospitalini, chini ya waziri Aneurin Bevan, ambaye alikuwa mchimba makaa tangu utoto wake. Mwaka huo huo ile Sheria ya Maskini ya zamani, iliyowadhili wahitaji kwa karne nyingi, ikafutwa. Watu hawa walitunga sheria juu ya mambo waliyoyaona kwa macho yao.

Lakini serikali hiyo hiyo ndiyo iliyoleta Mpango wa Karanga. Baada ya vita Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Wataalamu wakatumwa mwaka 1946, na baada ya miezi michache wakashauri yafyekwe mapori ya ekari zaidi ya milioni tatu, sehemu kubwa katika Tanganyika. Kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947. Matrekta na makatapila yalishindwa na visiki na mizizi, udongo ulikauka ukawa mgumu kama tofali, mvua haikutosha. Wagogo walizijua mvua za nchi ile na miaka yake ya njaa, ila mpango haukutoka kwao. Mwaka 1951 ukaachwa, na zaidi ya pauni milioni 36 zilikuwa zimepotea.

Si haki kumtwika Attlee peke yake mzigo huo. Hata hivyo, wahenga walinena: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Stepney alilala miaka mingi. Kongwa palipangwa na watu wa kupita. Nia njema ilikuwapo pande zote mbili, na fedha zilikuwa nyingi zaidi Kongwa.

Tulinganishe na wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa. Wao walianza na jambo dogo walilolijua, yaani udanganyifu wa mizani, wakaanzisha upimaji wao wenyewe. Na mwaka 1955 vyama vyao vikaungana katika Victoria Federation.

Attlee alifariki tarehe 8 Oktoba 1967. Kwetu sisi, tunaouanza mwaka wa kumi na moja, maisha yake yaacha neno la kutendwa. Kila mpango utakaoletwa mbele ya Mkutano Mkuu, uwe wa ghala, wa mashine au wa mkopo, na uulizwe kwanza: nani amekaa na wakulima watakaoulipia, na wao wamesema nini? Maofisa na tusiende vijijini siku ya ununuzi tu; twende pia msimu wa palizi, wakati ghala ni tupu na mwanachama ana nafasi ya kutueleza ukweli. Nanyi wanachama, msitufiche ukweli huo.

Udumu Ushirika wetu.